Vita Visivyo na Wajane: Tafakari Juu ya Gemu za Kivita



Katika vikao vya vijana parokiani, na hata mezani kwetu hapa seminarini, kuna swali linalorudi mara kwa mara: je, ni dhambi kucheza gemu za vita? Anayeuliza huwa ni mzazi aliyesikia milio ya risasi chumbani kwa mwanawe usiku wa manane, au kijana anayetamani kuambiwa kwamba hakuna tatizo. Majibu nayo ni yale yale mawili. Wa kwanza anasema ni kazi ya shetani, zifutwe zote. Wa pili anasema ni mchezo tu, hakuna anayekufa. Majibu yote mawili yana sifa moja: yanamwezesha mjibu kumaliza maongezi bila kuitazama gemu yenyewe.

Sisi tulio katika masomo ya falsafa tunakumbushwa kila siku kwamba kabla ya kukihukumu kitu, kwanza ukieleze kilivyo. Basi tuanze hapo.

Mchezo wenyewe ulivyo

Wengi wenu mnazifahamu gemu za kwenye simu, kama Free Fire na PUBG Mobile, zenye rangi nyingi na kasi kubwa. Leo tunazungumzia aina nyingine, ile inayojisifu kwa uhalisia, na tutachukua mfano mmoja tunaoujua: gemu iitwayo Squad. Imetengenezwa na kampuni ya Offworld Industries ya Kanada, ikatoka rasmi mwaka 2020 baada ya miaka kadhaa ya majaribio yaliyofunguliwa kwa umma. Inachezwa kwenye kompyuta kwa njia ya intaneti. Kila upande unaweza kuwa na watu 50, waliogawanywa katika vikosi vya watu wasiozidi tisa. Kila kikosi kina kiongozi, na wote wanazungumza kwa sauti zao wenyewe kama askari wenye redio. Yupo anayeendesha lori la vifaa, yupo anayejenga kituo, yupo tabibu.

Mchezaji mpya hushangazwa na mambo matatu. La kwanza ni kusubiri. Unaweza kutembea dakika kumi kichakani, kisha ukaangushwa na risasi ya mtu ambaye hukumwona kabisa. La pili ni hofu. Risasi zikipita karibu, kioo kinafifia na bunduki inayumba, hata kulenga huwezi. Mwaka 2023 watengenezaji waliliongeza jambo hilo makusudi, ili mtu asikimbie huku na huko akifyatua kama kwenye sinema. La tatu ni utii. Asiyesikiliza sauti ya kiongozi wake, hata awe hodari wa kulenga namna gani, anawaangamiza wenzake.

Tuwe wakweli: haya yana mema ndani yake. Kijana aliyelelewa na sinema za komando mmoja anayeua watu mia bila kukwaruzwa atajifunza hapa kwamba peke yake si kitu. Atajifunza kunyamaza mwingine anapozungumza, na kwamba dereva wa lori ana maana sawa na mpiga bunduki. Tunawajua vijana ambao hawasikilizani kwenye kikao cha jumuiya ndogondogo, lakini humo wanasikilizana.

Sasa ukipigwa risasi, mara nyingi hufi papo hapo. Unalala chini, unasikia mapigano yakiendelea. Tabibu akikufikia anafunga jeraha na kukuinua, na wachezaji hukiita kitendo hicho kufufua. Ukiona hakuna anayekuja, kipo kitufe cha kukata tamaa. Unakibonyeza, unakufa, na baada ya muda mfupi unarudi uwanjani ukiwa mzima. Upande wako unapunguziwa tiketi moja. Kila upande huanza na akiba ya tiketi, na zikiisha mmeshindwa. Kifaru kikiteketea, zinaondoka tiketi nyingi zaidi ya zile za mtu.

Sisi tuliofundishwa katika katekisimu kwamba kukata tamaa ni dhambi dhidi ya tumaini, kitufe hicho kinatuchekesha kidogo. Tiketi hazituchekeshi. Zinasema waziwazi kwamba mtu ni moja, na kifaru ni zaidi ya moja.

Nusu iliyoachwa nje

Hebu tugeuze swali. Badala ya kuuliza kilichomo kwenye gemu, tuulize kisichokuwamo.

Raia hawamo. Kuna miji yenye nyumba, ngazi na vichochoro, lakini hakuna mama anayepika wala mtoto aliyejificha chini ya kitanda. Kujisalimisha hakumo. Huwezi kuinua mikono ukachukuliwa mfungwa, na adui yako hawezi pia. Maziko hayamo. Kesho yake haimo: mechi ikiisha, uwanja unarudi kama ulivyokuwa, na wote mia wanakutana tena. Mjane hayumo.

Mtetezi wa gemu atatujibu kwamba kila mchezo huacha mengi nje. Ni kweli. Hata bao ni vita, kete zinaliwa, na hatujasikia mzee yeyote akizililia. Lakini bao halidai kutuonyesha vita vilivyo. Gemu hizi zinadai hivyo. Zinatangazwa kwa neno hilohilo la uhalisia. Sauti ya bunduki imerekebishwa, uzito wa mzigo umepimwa, na nguo za askari zimenakiliwa hadi kwenye mifuko. Anayesema “hii ndiyo hali halisi” amechukua jukumu ambalo mcheza bao hakulichukua. Mtu akikuchorea picha ya kijiji chenu, akaweka kila mti na kila jiwe mahali pake, halafu akawaondoa watu, utamwambia amechora vizuri, lakini hajachora kijiji.

Tulinganishe na mafundisho ya Kanisa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2312 na 2313, inafundisha kwamba sheria ya maadili haikomi vita vinapoanza, na inataja wale wanaostahili kuheshimiwa na kutendewa kiutu: raia wasiopigana, askari waliojeruhiwa na wafungwa. Tazameni orodha hiyo mara ya pili, ndugu zangu. Raia hayumo kwenye gemu. Mfungwa hayumo. Majeruhi yumo, lakini hesabu yake ni tiketi. Watu watatu ambao Kanisa linatuagiza tuwatazame wakati wa vita ndio wale wale ambao gemu imewaondoa au imewapunguza, tena bila chuki yoyote, ili mchezo uende vizuri.

Hili ndilo hoja yetu. Hatusemi gemu hizi ni mbaya kwa sababu zina vita vingi mno. Tunasema zina vita nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayomhusu Mkristo.

Fallujah ya kioo na Fallujah ya udongo

Moja ya viwanja vya Squad kimepewa jina la Fallujah. Huo ni mji halisi wa Irak. Mwaka 2004 majeshi ya Marekani na washirika wake yalipigana humo mara mbili, mwezi Aprili na mwezi Novemba. Familia nyingi zilikimbia, nyingine zilibaki ndani. Mji huo una makaburi, na makaburi hayo yana majina.

Kuna gemu nyingine iliyobeba jina hilo, Six Days in Fallujah. Ilitangazwa mwaka 2009, ikazua malalamiko makubwa, yakiwemo ya familia za askari waliouawa Irak, na baada ya wiki chache kampuni ya Konami ikajitoa. Mwaka 2021 ilitangazwa upya na kampuni nyingine, na mwaka 2023 ikaanza kuuzwa ikiwa bado haijakamilika. Watengenezaji wake wanasema walizungumza na askari waliokuwepo na wakazi wa mji. Hatuna sababu ya kuwabeza. Lakini maumivu ya watu yanapogeuzwa kuwa burudani ndani ya kizazi hicho hicho, anayelalamika si mshamba. Anauliza swali la haki: nani amepewa ruhusa ya kulichezea jina la mji wangu?

Kanisa lilikuwa na sauti katika vita hivyo. Machi 2003, Papa Yohane Paulo II alimtuma Kardinali Pio Laghi kwa Rais wa Marekani kumsihi asianze vita. Hakusikilizwa. Machi 2021, Papa Fransisko alikwenda Irak, akasali Mosul kati ya magofu ya makanisa, akiwaombea wote waliokufa vitani. Magofu kama hayo tumeyaona kwenye kioo mara nyingi. Humo magofu ni mahali pa kujifichia risasi. Baba Mtakatifu aliyafanya mahali pa kusalia.

Adui aliyebeba machela

Mei 1521, katika ngome ya Pamplona, mwanajeshi mmoja alipigwa na mzinga, mguu mmoja ukavunjika na wa pili ukajeruhiwa. Leo tunamwita Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Tunapenda kusimulia alivyoongoka akiwa kitandani, lakini tunaruka sehemu moja. Katika masimulizi aliyoyatoa uzeeni, anaeleza kwamba Wafaransa walioiteka ngome ile walimtendea kwa upole. Walimtibu, na baada ya siku kadhaa wakambeba kwa machela kumrudisha kwao.

Waliomponya kwanza walikuwa adui zake. Kwa hesabu ya tiketi, Inyasi alikuwa amekwisha kutolewa. Kwa hesabu ya wale Wafaransa, alikuwa mtu anayeumia mguu. Kama wangemaliza kazi pale pale, tusingekuwa na Mazoezi ya Kiroho, wala Shirika la Yesu, wala Fransisko Ksaveri hangefika India. Mambo makubwa ya Kanisa yalipitia kwenye lile tendo dogo ambalo gemu haina kitufe chake.

“Lakini haimgeuzi mtu kuwa muuaji”

Pingamizi hili tunalikubali. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilisema kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuzihusisha gemu za ukatili na vitendo vya ukatili, ingawa kilitambua uhusiano mdogo na ukali wa tabia, kama kufoka na kusukumana. Mhubiri anayesimama mimbarani na kusema kwamba kila mcheza gemu ni mwuaji mtarajiwa anajipotezea imani ya vijana, na anastahili kuipoteza.

Lakini kutoua ni kipimo cha chini mno kwa Mkristo. Aristotle anatufundisha kwamba tunakuwa watu wa namna fulani kwa kurudiarudia matendo, na anayerudia tendo hufunza pia jicho lake. Jeshi la Marekani lenyewe halikudhani kwamba gemu ni upepo tu: mwaka 2002 lilitoa gemu yake, America's Army, likaigawa bure ili kuwavuta vijana kuandikishwa, na likaiendesha hadi mwaka 2022. Wenye kazi yao walijua kwamba burudani nayo ni shule.

Mtakatifu Augustino, katika Maungamo, kitabu cha sita, anasimulia habari za rafiki yake Alipio. Alichukia michezo ya wapiganaji wa Roma, lakini wenzake wakamburuta hadi uwanjani. Akaketi akiwa amefumba macho. Umati ukapiga kelele, akafumbua ili aone kidogo tu, na tangu hapo akawa mpenzi wa michezo ile, hata akawavuta wengine. Alipio hakuua mtu. Hakushika upanga. Alichojifunza ni kutazama mtu anakufa na kukiona kitu cha kushangilia. Neema ilimfikia baadaye, na Pasaka ya mwaka 387 alibatizwa Milano pamoja na Augustino.

Kwenye gemu hakuna mtu anayekufa kweli, na tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo swali la Alipio linabaki: jicho langu linazoezwa kumwona nani, na kutomwona nani?

Inawezekana kufanya vingine

Mtu asituambie kwamba gemu haiwezi kuwabeba wanyonge. Mwaka 2017, kampuni ya Bohemia Interactive ya Jamhuri ya Cheki, inayotengeneza gemu ya kivita iitwayo Arma 3, ilishirikiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu kutoa nyongeza juu ya sheria za vita. Humo mchezaji anakuwa mtumishi wa shirika la misaada, anategua mabomu yaliyobaki ardhini baada ya mapigano, na anagundua nini kilikipata kijiji kimoja na watu wake. Sehemu ya mapato ilipelekwa kwa Msalaba Mwekundu. Wachezaji hawakuikimbia. Kumbe tatizo haliko kwenye kompyuta. Liko kwenye uamuzi wa nani aingizwe ndani ya picha.

Vita vilivyo karibu nasi

Kwetu jambo hili si la mbali. Katika parokia nyingi za Tanzania wapo wazee waliokwenda vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Wanakaa benchi za nyuma, wengine na fimbo, na wengi hawapendi kusimulia. Desemba 2017, askari wetu wa kulinda amani waliuawa huko Semuliki, Kivu Kaskazini. Miili yao ilirudi, na wake zao wakawa wajane. Januari 2025 mji wa Goma uliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na watu wakabeba magodoro kichwani kwa mara nyingine. Kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, wapo watu wazima waliozaliwa ukimbizini na wanaozungumza Kiswahili kama sisi.

Mungu akipenda, baadhi yetu tutapelekwa huko. Tutaketi kwenye kiti cha kitubio, na atakuja mtu aliyefyatua bunduki kweli. Hatakuja na ramani wala alama. Pengine atasema neno moja na kunyamaza. Wakati huo, padre atakayedhani anavijua vita kwa sababu anazijua bunduki kwa majina yake atakuwa hatari kuliko yule asiyejua kitu, kwa maana asiyejua atasikiliza.

Basi tufanyeje?

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba kucheza ni hitaji la roho, kwani akili nayo huchoka kama mwili. Anatoa tahadhari tatu: tusitafute raha katika maneno au matendo ya aibu au yenye kudhuru, tusipoteze kabisa uzito wa nafsi, na mchezo umfae mtu, wakati na mahali. Kwa kumfuata, tunapendekeza haya.

Kwa wazazi: gemu hizi hazimfai mtoto. Barani Ulaya, nyingi za Call of Duty zimewekewa alama ya miaka 18, na alama hiyo si pambo. Lakini kabla ya kuizima kompyuta, keti dakika kumi karibu na mwanao, umwambie akueleze anachofanya. Muulize kwa upole: katika mji huu watu wake wameenda wapi? Swali hilo litakaa naye muda mrefu kuliko kofi.

Kwa vijana wazima: hatuoni kwamba kucheza ni dhambi kwa yenyewe. Tumieni kipimo cha Inyasi. Alipokuwa kitandani alitambua kwamba ndoto za ushujaa zilimfurahisha kisha zikamwacha mkavu, na habari za Kristo na watakatifu zikamwacha na amani. Msipime utamu wa mechi. Pimeni saa moja baada ya kuzima. Je, mnamjibu mama kwa ukali? Sala ya jioni imepita? Mnamwita mchezaji wa nchi nyingine jina la mnyama, na mnaliona la kawaida?

Kwa viongozi wa vijana parokiani: mwalikeni mmoja wa wazee wa Kagera, kama yuko radhi, au familia iliyokimbia vita. Msimwombe asimulie mapigano. Mwombeni asimulie kurudi nyumbani.

Na kwetu waseminari: ratiba ya nyumba ni sehemu ya malezi, na mechi moja ya Squad inaweza kula saa nzima. Lakini zaidi ya saa kuna jicho. Tunaandaliwa kuwa watu wanaomwona yule ambaye wengine wamempita barabarani. Kuhani na Mlawi katika mfano wa Bwana hawakumpiga mtu yule. Walipita tu upande wa pili, na njia yao ilikuwa safi kabisa.

Anayetaka kucheza na acheze kwa kiasi. Ila akifika kwenye ule mji usio na watu, awaweke moyoni wale walioondolewa, na akizima kompyuta, amwombee mjane mmoja ambaye mume wake hakurudi baada ya mechi.